Kuuzisha nyumbani: karatasi zenye Leta inaomba, na zile haina haki ya kuomba

Katika mukutano wetu wa mwisho, mama mumoja wa koperative ya hapa kandokando ya Ziwa Tanganyika alikuja na sashe ya plastike. Tulikuwa tunazungumuzia vijiti vya mihogo vyenye kuvumilia mozaiki. Yeye akasimama, akamwaga sashe juu ya meza. Ndani mulikuwa karatasi ndogo ndogo 17.

"Agronome, angalia hizi," akasema. "Mwaka muzima nalipa. Kisha wakakuja kufunga mashine yangu ya kusaga juu sina patanti. Sasa hizi zote nilikuwa nalipia nini?"

Tulizipanga moja moja. Mbili zilikuwa za takse ya soko, zimechapwa vizuri, ziko na numero na kashe. Moja ilikuwa ya huduma ya usafi, nayo ilikuwa kamili. Zile 14 zingine zilikuwa vipande vya daftari: "Nimepokea 5.000", sahihi yenye haisomeke, basi. Moja iliandikwa nyuma ya kartoni ya sigara. Tulipojumulisha zile 14, pesa ilipita bei ya patanti yenye walimuomba siku walipoweka sele kwenye mulango wa mashine. Yaani alilipa zaidi ya patanti moja, lakini patanti hana, na Leta haikupata kitu.

Vijiti vya mihogo vitangojea gazeti lingine. Mimi ni agronome, si avoka. Lakini haya nimeyasoma katika sheria zenyewe na nimeyauliza kwenye ofisi, kwa sababu katika koperative zetu karibu kila familia iko na kazi fulani ndani ya lupango: mashine ya kusaga, kukamua mawese, mikate na mandazi, kukausha ndagala, kushona, kuuzisha chumvi na sabuni kwenye dirisha.

Nyumba haifiche biashara

Maneno ninayosikia sana ni haya: "Siuzishe ku soko, nauzisha kwangu, kwa hiyo sina deni." Si kweli. Sheria haiulize kama meza yako iko sokoni ao kwenye baraza ya nyumba. Inaangalia kazi unayofanya. Ordonansi-sheria numero 90-046 ya tarehe 8/8/1990, iliyochukua nafasi ya ile numero 79-021 ya tarehe 2/8/1979, inawekea Wakongomani biashara ndogo, na inasema mwenye kuifanya awe na patanti.

Patanti inatafutwa kwenye komine kwa watu wa muji, kwenye ofisi ya teritware kwa sisi wa vijijini. Ni ya mwaka mumoja. Inaandikwa jina la mutu na kazi anayofanya. Kwa hiyo patanti ya bwana mwenye kuuzisha mafuta ya taa haimulinde bibi yake mwenye mashine ya kusaga, hata kama wanaishi nyumba moja. Bei inabadilika kufuatana na jimbo na mwaka. Muende kuisoma kwenye ofisi yenyewe. Na mutu atakayewaambia "nipe nusu tu, karatasi itafuata", mujue anawauzishia upepo.

Je, mukulima anayeuzisha mavuno yake mwenyewe? Hapa ndipo tunachanganya mambo. Kama unatoa kosete za mihogo ya shamba lako na kuzipeleka sokoni, unalipa takse ya pahali unapoweka muzigo. Lakini siku unapoanza kununua kosete za majirani, kuzisaga na kuuzisha unga kila juma, umetoka kwenye ulimaji na umeingia kwenye biashara. Hakuna mutu atakayekupigia kengele siku ile. Mimi nawaambia memba waangalie mifuko iliyo ndani ya nyumba: kama mingi imetoka kwenye mashamba ya wengine, wakatafute patanti mbele mutu hajakuja kuwafungia.

Na hapa koperative zetu ziko na kosa. Memba wengi wanabandika kopi ya karatasi ya koperative kwenye ukuta wa nyumba, na agent akija wanamuonyesha ile. Koperative inaandikishwa kwa jina lake yenyewe, kwenye daftari la koperative, kufuatana na sheria ya OHADA ya tarehe 15/12/2010. Karatasi yake inafunika mauzo yake: unga wenye kupita kwenye depo, wenye kupimwa na kuandikwa na karani. Unga unaouzisha magaribi kwenye dirisha lako haumo.

Kinyume yake ni hatari zaidi. Kuna memba wanaotia unga wa nyumbani ndani ya mifuko yenye jina la koperative, juu mufuko ule unauzishwa mbio. Mununuzi mumoja wa muji alifungua mifuko ya namna hiyo, akakuta unga uko na unyevu na harufu ya ukungu. Hakuuliza ni nani aliyeusaga. Alirudisha muzigo wote, na komande ya miezi iliyofuata akaipeleka kwingine. Familia zilizokuwa zimekausha kosete vizuri, mupaka zinavunjika kwa mukono na kutoa sauti, zilipoteza sawa na zile zilizofanya haraka.

Ngazi yenye watu hawaijue

Congo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12/9/2012. Katika sheria ya OHADA ya biashara kwa jumla kuna ngazi ya chini kwa watu wa kazi ndogo. Kwa Kifaransa mutu huyo anaitwa "entreprenant". Ni mutu mumoja, si kampuni, na kazi yake inaweza kuwa biashara, ufundi, hata ulimaji. Haandikishwe kwenye RCCM kama mwenye duka kubwa. Anaenda tu kutangaza kazi yake kwenye grefe ya tribinali, ao kwenye Guichet Unique de Création d'Entreprise pale iko, na sheria inasema ni bure. Anapewa numero, na kazi inaanza kisha kupata numero, si mbele. Numero ile anaiandika kwenye fakture zake, pamoja na maneno haya: "Entreprenant dispensé d'immatriculation". Hauwezi kutangaza kazi mbili, na hauwezi kuwa entreprenant na tena kuwa ndani ya RCCM.

Inasaidia nini? Hopitali, masomo ao mwenye restora akitaka kununua unga wako kila mwezi, jambo la kwanza atakuomba ni fakture. Bila numero, fakture yako ni karatasi tu, na mara nyingi anayenunua atatafuta mutu mwingine hata kama unga wako ni muzuri zaidi. Nitasema wazi pia: kwenye ofisi zingine, ukitaja neno "entreprenant" watakuangalia sana, juu hawajazoea kuliona. Beba kopi ya sheria, kipengele 30 na vinavyofuata. Na musiache patanti kwa sababu mumepata numero hii. Agent wa teritware ataendelea kuomba patanti.

Kitu ninachopenda katika sheria ile ni daftari. Inaomba entreprenant aandike kila siku pesa iliyoingia na mahali ilitoka, pesa iliyotoka na mahali ilienda, na atenganishe pesa ya mukononi na malipo ya namna ingine. Daftari hilo linachungwa kwa miaka 5. Watu wanaposikia hivyo wanaogopa, wanawaza ni kazi ya wasomi. Tuangalie siku moja ya mama mwenye mashine. Tuseme aliuzisha unga wa franka 45.000 mukononi, na wa 20.000 kupitia M-Pesa. Alinunua kosete za 38.000, mazutu ya 6.000, akalipa takse ya soko 500. Yote iliyoingia ni 65.000, yote iliyotoka ni 44.500, inabaki 20.500. Ni mistari mitano. Mutoto wa darasa la sita anaweza kuiandika akirudi masomo, na katika nyumba nyingi yeye ndiye anayeiandika.

Hapa agronome atasema neno lake. Kama siku ile ulisaga pia mihogo ya shamba lako, iandike na bei yake, kama vile ungeinunua kwa jirani. Sheria haikuombe hivyo, mimi ndiye ninawaomba. Nimeona mashine zinazoonekana kuleta faida kubwa, kumbe familia inakula shamba lake polepole: mihogo inaingia bure, kazi ya watoto inaingia bure, na mwaka ukiisha hakuna pesa ya kununua hata jembe.

Kuhusu DGI nitasema kidogo. Ordonansi-sheria numero 13/006 ya tarehe 23/2/2013 iliwekea wenye mauzo ya chini ya franka 10.000.000 kwa mwaka kodi moja ya 50.000 kwa mwaka. Kutoka pale mupaka 80.000.000, iliweka 1% ya mauzo kwa wenye kuuzisha vitu, na 2% kwa wenye kufanya kazi za huduma, kama kusagia watu wengine. Hesabu hizo zinaweza kubadilishwa na sheria za kila mwaka, kwa hiyo muulize mbele ya kulipa. Na muangalie tena lile daftari: bila lenyewe, utajuaje kama uko chini ya milioni 10? Agent atakukadiria kwa macho, akiangalia mabati ya nyumba yako.

"Kalete karatasi ya bwana yako"

Yule mama wa sashe alikuwa amejaribu kutafuta patanti mara moja, mwaka mumoja mbele. Walimurudisha na maneno haya: kalete karatasi ya bwana yako yenye kukuruhusu. Bwana yake alikuwa kwenye michanga ya zahabu, mbali, na simu haikuwa inashika. Akaacha.

Maneno yale yalikuwa na muzizi. Sheria ya familia ya tarehe 1/8/1987, katika kipengele 448, iliomba kweli bibi apate ruhusa ya bwana mbele ya kujifunga kwa jambo la sheria. Lakini sheria numero 16/008 ya tarehe 15/7/2016 ilibadilisha kipengele hicho. Sasa kinasema bibi na bwana wanapaswa kupatana kwa kila jambo la sheria lenye kuwafunga. Musome vizuri: wote wawili. Bwana naye anapaswa kupatana na bibi. Kama hawapatane na jambo linaendelea, mwenye kuumizwa anaenda kwenye tribinali ya amani. Hakuna tena ruhusa ya upande mumoja.

Najua kwamba katika nyumba zetu mambo hayabadilike kwa sababu neno moja limebadilika katika kitabu. Sheria ile ile inaendelea kusema bwana ni kichwa cha nyumba. Nimekutana na baba wengi wanaosema bibi akipata patanti kwa jina lake, kesho atakuwa na nyumba yake. Mimi nawauliza swali moja: siku mashine ilipofungwa, nani alikosa pesa ya masomo? Wengi wanacheka, kisha wananyamaza. Ushauri wangu kwa wenye kuoana: muende wawili kwenye ofisi, siku moja. Karatasi iandikwe kwa jina la yule anayefanya kazi. Kama bwana yuko mbali, na karani anaomba ruhusa yake, mumuombe kwa heshima awaonyeshe kipengele kinachosema hivyo. Wamama watatu wakienda pamoja na prezida wa koperative, jibu linakuwa tofauti na lile la mama mumoja peke yake.

Resu yenye kuwa resu

Turudi kwenye zile karatasi 14. Katiba ya nchi, kipengele 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Kwa takse za jimbo, komine, sekteri na sheferi kuna orodha katika ordonansi-sheria numero 18/004 ya tarehe 13/3/2018. Takse yenye haiko katika sheria yoyote hauna deni yake, hata kama agent amevaa kofia ya kazi, hata kama ameongozana na polisi.

Agent akiingia ndani ya lupango, mumupatie kiti. Sisemi hivyo kwa kucheka. Makelele kwenye mulango haijafungua mashine hata moja. Akiisha kukaa, mumuombe karatasi yenye kumutuma, ile "ordre de mission", na muangalie kama tarehe yake haijapita na kama kijiji chenu kimo. Kisha mumuulize takse ile inaitwaje kwa jina lake kamili. Mutu anayefanya kazi ya kweli atajibu. Atawaachia karatasi yenye kuonyesha deni. Kwa takse nyingi inaitwa "note de perception". Deni hiyo inalipwa kwenye banki ao kwenye kese ya huduma, na muliyelipa munapokea resu yenye kuchapwa. Resu iwe na jina la huduma, jina lenu, jina la takse, mwaka ao mwezi, pesa kwa hesabu na kwa maneno, numero, kashe na sahihi. Ikikosa numero na kashe, ni kama zile 14.

Kuna takse ndogo za kila siku, kama ile ya soko, zenye kulipwa mukononi kwa jeto. Hizo ni sawa, lakini jeto iwe yenye kuchapwa na musiitupe chini mukitoka.

Mutu akiendelea kulazimisha pesa bila karatasi, musipigane naye. Muandike jina lake, saa, huduma anayotaja, na pesa anayoomba, na siku ile ile mupeleke kwa komite. Kuomba kwa nguvu ya kazi pesa ambayo mutu anajua haina deni ni kosa; kitabu cha sheria ya azabu, kipengele 146, kinaliita "concussion". Memba mumoja akiandika barua kwa administratere wa teritware, inaweza kulala ndani ya tiroire. Koperative ikiandika, na kuambatanisha kopi 14, ni vigumu kusema haikuonekana. Haya si maneno ya kutisha agent. Wengi wao ninawajua, wengine hawalipwe mushahara kwa miezi, na ndiyo maana wanatembea na vipande vya daftari. Lakini njaa yao haiwezi kulipwa na mashine ya mama mumoja.

Jirani, moshi na maji

Karatasi zote zikiisha kukamilika, inabaki yule wa upande wa pili wa lupango. Kitabu cha sheria za raia, kipengele 258, kinasema mutu aliyeumiza mwingine kwa kosa lake anapaswa kulipa. Mashine ya mazutu inapiga kelele na kutoa moshi. Muiweke mbali na chumba cha jirani na mukubaliane saa za kusaga. Maji machafu ya mawese musiyamwage kwenye mutoni, yanaua samaki na kunukisha maji ya watu wa chini. Maji ya kulowekea mihogo michungu yako na sumu. Musiyamwage karibu na kisima, na mbuzi asiyanywe. Ndiyo mambo huduma ya usafi itaangalia, pamoja na sakafu, choo, na kama kuku wanatembea juu ya unga. Kama nyumba ni ya kukodi, mwenye nyumba aandike kwamba anakubali kazi ile ifanyike pale. Aliwapa nyumba ya kulala, hakuwapa kiwanda.

Mama wa sashe alipata patanti kwa jina lake. Alienda na bwana yake, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye michanga, na prezida wa koperative. Sele iliondolewa. Pesa ya zile karatasi 14 haijarudi, na mimi sitamudanganya kwamba itarudi kesho. Komite imeandika barua, inangojea jibu. Jirani yake naye anaomba mashine ihamishwe upande wa barabara, na kwa hiyo wanahitaji mawe na simenti, jambo watalizungumuzia juma lijalo. Sashe aliiacha kwa sekretere. Memba wane wengine wamekwisha kuleta zao.